Zulia la Remla Juu ya Mlango

Hakuna aliyewahi kuishi peke yake katika nyumba ya Aw Gidir. Ndivyo wanavyosema majirani wa kichochoro kile, na wanasema hivyo huku wakijua vizuri kwamba Kulsum binti Abdusemed analala humo peke yake tangu mama yake azikwe, sasa ni mwaka wa kumi na mbili. Ukiwauliza wana maana gani, watakuangalia kama mtu asiyefunzwa adabu, kisha wataanza kuzungumzia bei ya mbuzi.

Kulsum hakubishana nao. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwembamba, mkavu wa maneno, na mikono yake ilikuwa imeiva wekundu hadi viwikoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisiriba nyumba ile kila mwaka kabla ya Ramadhani. Nyumba zetu za Harar husiribwa udongo mwekundu sakafuni na kwenye nadaba, yale majukwaa matano ya kukalia yanayopanda kutoka mlangoni hadi ukutani. Wageni huupenda sana wekundu huo. Sisi tunajua ni wa nini. Vijana wetu walikwenda kupigana Chelenko, wakabaki huko, na wake zao wakazipaka nyumba rangi ile ili asiwepo mtu wa kukanyaga sakafu bila kuwakumbuka. Watu wengine wangejenga mnara. Sisi tuliamua kukaa juu ya damu na kunywa kahawa.

Aw Gidir, babu wa baba yake Kulsum, aliijenga nyumba miaka michache kabla ya vita hivyo, na yeye mwenyewe hakurudi kutoka Chelenko. Kuta ni za mawe na udongo, nene kiasi kwamba mvua ya masika huisikii, na dari ni ya miti ya mierezi iliyopangwa karibu karibu. Kila nadaba ina wenyewe: ya juu ya wazee na wanazuoni, ya kati ya watu wa makamo, ile ya nyuma ya mlango ya mwenye shida aliyekuja kuomba. Katika ukuta mkuu mna vidaka kumi na kimoja vya vyombo na vitabu. Viwili kati yake ni virefu, vya pembe nne, na mafundi wa zamani walivichonga makusudi kwa umbo la kaburi, ili mtu akiinua macho kutoka kwenye sahani yake aone anakokwenda. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza Kulsum kama watu hawakosi usingizi kwa kulala mbele ya vitu hivyo.

"Wanalala," Kulsum alimjibu. "Ila hawanenepi."

Manispaa ilipoiandika nyumba kuwa ya kuhifadhiwa, ilibandika kibao langoni na kumpa Kulsum orodha ndefu ya vitu visivyoruhusiwa kuguswa. Saruji marufuku. Rangi ya dukani marufuku. Vikapu vya ukutani vibaki jozi jozi kama alivyovitundika mama yake. Na namba thelathini na nne katika orodha ile lilikuwa zulia.

Zulia lilikaa juu ya mlango mkubwa, upande wa ndani, limekunjwa kama gogo na kulazwa kwenye rafu ya boriti. Mtu wa Harar akiingia nyumba ya watu huinua macho hapo kabla hajaketi. Akiona zulia, anajua humo mna binti wa kuoa, naye anaweza kutuma wazee wakaseme. Siku binti anapoolewa, zulia hushushwa. Katika nyumba ya Aw Gidir desturi ilikuwa kali zaidi: zulia la mdogo halipandi kabla la mkubwa halijashuka.

Lililokuwa juu lilikuwa la Remla, dada yake mkubwa Kulsum. Lilipandishwa Remla alipotimiza miaka kumi na minane. La Kulsum halikuwahi kupanda. Lilikuwa kwenye kirtat, kile chumba kidogo cha pembeni wanachowekwa bibi harusi, limefungwa kwenye shuka, na Kulsum alikuwa amelisahau jinsi lilivyo.

Kila Alhamisi alipanda ngazi ya miti akalifuta vumbi zulia la dada yake. Na kila Alhamisi, akiwa pale juu na kitambaa mkononi, adhuhuri kweupe, alisikia nyayo kwenye ghorofa juu ya kichwa chake. Hatua tatu, kisigino kwanza, nzito kuliko mwili wa aliyekuwa akizipiga. Remla alitembea hivyo tangu utotoni, na mama yao alikuwa akimwambia kila siku, "Wewe mtoto, tembea kama mwanamke, si kama mpagazi." Kulsum alingoja hatua ziishe, kisha akashuka ngazi. Zamani aliogopa. Baadaye aliona aibu tu, kama mtu anayedaiwa maneno.

Kwani Kulsum alikuwa amefanya jambo.

Ulikuwa mwaka wa vita, miaka arobaini nyuma. Wanajeshi walikuwa wakizoa vijana majumbani, na jina la Remla, mwalimu wa shule mwenye ulimi usiokaa kinywani, lilikuwa kwenye karatasi yao. Baba yao alikuwa ameshafariki. Remla akaondoka alfajiri moja na kundi la watu kuelekea nyika za chini hadi Jibuti. Mchumba wake, Nuredin wa Aw Sherif, alikuwa ametangulia kwa njia nyingine. Walikubaliana wakutane huko. Mama yao, Ay Zeytuna, akaingia kirtat akajilaza, akawa hali isipokuwa kulishwa.

Baada ya wiki saba alikuja mwanamke mchuuzi wa vitambaa, mwenye vumbi hadi kwenye kope, akagonga lango. Kulsum alikuwa na miaka kumi na sita. Mwanamke yule alimwambia pale pale kizingitini, kwa sauti ya chini, kwamba Remla alishikwa na homa njiani, akafia kwenye kisima cha ngamia, na kwamba yeye mwenyewe alimfunika kwa shuka lake na watu wakamzika. Hakutaka hata maji. Akaenda zake.

Kulsum alirudi ndani na uji wa mama yake ulikuwa bado jikoni. Akaupeleka. Ay Zeytuna akauliza ni nani aliyegonga.

"Mtu wa Jidda," Kulsum akasema. Mpaka leo hajui neno hilo lilitoka wapi. "Kaleta salamu za Remla. Kafika salama, kavuka bahari, yuko Jidda, kapata kazi kwenye nyumba ya watu."

Ay Zeytuna alimtazama kitambo, kisha akalishika bakuli kwa mikono yake mwenyewe, akanywa uji wote. Kwa mara ya kwanza katika wiki saba. Basi wewe ungefanyaje?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kulsum ilikwenda miaka arobaini. Kila Idi alileta salamu mpya: mahujaji wamemwona Remla, amepata tajiri mwema, mgongo unamsumbua, hajaolewa, anasema ataolewa nyumbani kwao. Na kila mara Ay Zeytuna alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akasema, "Mjibu. Mwambie nami namsalimu." Watu wa mtaa walizisikia salamu hizo, wakazibeba. Mji mzima ukajua Remla yuko Jidda.

Lakini uongo nao hula, na huu ulimla Kulsum mwenyewe. Alipofika miaka ishirini na miwili, fundi mmoja wa kujalidi vitabu, kijana mpole aliyenukia gundi, alituma wazee waje kumposa. Wazee waliingia, wakainua macho juu ya mlango, wakaona zulia la mkubwa lingali pale. Ay Zeytuna akawaambia kwa upole, "Dada yake kwanza." Wakarudi mwaka uliofuata. Wakarudi tena wa tatu. Kulsum alikuwa nyuma ya ukuta wa kirtat akisikiliza, na neno lilikuwa mdomoni mwake: Remla amekufa. Neno moja tu, na zulia lingeshuka, na lake lingepanda. Alilimeza mara tatu. Fundi akaoa kwingine, akapata watoto sita, na Kulsum akaalikwa kwenye harusi za wote.

Ay Zeytuna alipofariki, akiwa mzee wa kushiba siku zake, watu walimsubiri Remla aje amzike mama yake. Hakuja. Tangu hapo jina la Remla likaoza mjini. Moyo wa jiwe, walisema. Dhahabu ya Jidda imemfanya asahau ziwa alilonyonya. Kulsum aliyasikia hayo sokoni, kisimani, msibani, na alinyamaza. Sasa hakukuwa na mama wa kumlinda, ila uongo ulikuwa umeshakuwa na umri wake, na mtu mzima hafukuzwi nyumbani kirahisi.

Jumanne moja walikuja wageni, Wafaransa wanne na mzee mmoja mwenye koti la kijivu na nywele nyeupe, ambaye Kulsum alimdhania mkalimani wao. Aliwaeleza habari za nyumba kama kawaida. Wafaransa wakawa wanainama kwenye vidaka. Yule mzee hakuinama popote. Alisimama katikati ya sakafu nyekundu, mgongo kwa ukuta mkuu, akitazama juu ya mlango. Alisimama hivyo mpaka Kulsum akaona vibaya.

"Una kizunguzungu, mzee wangu? Keti."

"La," alisema kwa Kiharari safi, cha zamani. "Hili zulia, binti yangu, ni la maonyesho? Manispaa ndiyo iliyoliweka?"

"Manispaa haina zulia. Ni la nyumba."

"Na liko hapo kwa haki yake?"

Kulsum hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Liko pale lilipowekwa," akajibu.

Mzee alitoka nje haraka. Baadaye Mfaransa mmoja alizunguka uani nusu saa akitafuta kiatu chake cha kulia.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wazee watatu walibisha hodi. Mbele alikuwa Aw Abdurahim, mkubwa wa afocha ya mtaa, ndicho chama chetu cha kuozana na kuzikana, mtu mwenye tumbo na utani. Walipanda kila mmoja kwenye nadaba yake bila kuelekezwa. Pamoja nao aliletwa Ay Duniya, rafiki wa marehemu Ay Zeytuna, mwanamke wa miaka tisini na ushei, akakaa upande wa wanawake na kufumba macho. Kulsum aliona jinsi walivyovaa, akajua ni ujumbe wa posa, na akashangaa, kwa kuwa ndani hamkuwa na wa kuposwa.

Akaleta kahawa ya maganda na maziwa.

"Nyumba hii kahawa yake haijawahi kupoa," alianza Aw Abdurahim.

"Kunywa kwanza, Aw Abdurahim. Usisifu kitu hujaonja, utajuta."

"Haya, nimeonja. Inanyweka." Akaweka kikombe. "Kulsum, sisi tumetumwa na macho ya mtu. Kuna mwenzetu aliingia hapa Jumanne, akaona kitu juu ya mlango wako."

"Wengi hukiona."

"Wengi hukipiga picha. Huyu alikisoma." Aw Abdurahim akakohoa, na utani ukamtoka usoni. "Ni Nuredin wa Aw Sherif. Karudi kutoka Kanada. Kazika mke huko, wanawe wakubwa. Anasema mwaka ule alimngoja Remla Jibuti miezi mitano. Akaambiwa wengine waliogopa njia wakarudi makwao. Akasema basi, karudi kwa mama yake, keshaolewa na mwenye bahati zake. Hakuuliza tena, aliona haya. Sasa Jumanne kaingia humu kama mtalii, kainua macho, zulia lipo pale pale. Alikuja kwangu mbio na kiatu kimoja chake, kingine cha Mfaransa. Mtu wa miaka sitini na tano! Nikamwambia Remla yuko Jidda, hajaolewa, tunapata salamu zake. Alilia, Kulsum. Alilia mbele ya wajukuu zangu."

Kulsum alishika birika na hakuiweka chini.

"Hatutaki makubwa," akasema mzee wa pili. "Tupe namba ya simu tu. Ama mtaa. Ataruka Jumapili. Yuko hapo langoni anangoja."

"Hapo langoni?"

"Kakataa kuingia. Anasema safari hii ataingia akiitwa."

Kulsum aliona njia mbili mbele yake, na zote alizijua. Angeweza kusema Remla hataki kuolewa, uzee umemkuta, mwacheni. Wangeguna, wangeondoka, naye Nuredin angerudi Kanada na chuki ndogo ya kumtosha siku zilizobaki. Uongo huo ulikuwa tayari kinywani, mwepesi, umekaa vizuri kama kikapu kilichozoea kichwa. Au angesema kweli, na mji mzima ungejua kwamba salamu zote za Idi zilishonwa na mkono wake, kwamba mama yake alikufa akimwombea afya mtu aliyeoza, na kwamba jina la dada yake lilitukanwa miaka kumi na miwili yeye akiwa pale pale, kimya.

"Remla..." akaanza, na alikuwa ameshachagua uongo.

Juu ya dari zikapita hatua tatu. Kisigino kwanza.

Vikombe vilisimama hewani. Mzee wa tatu, aliyekuwa mdogo wao na hajasema neno, aliinua uso. "Una mgeni juu?"

"Hakuna mtu juu," akasema Kulsum.

"Nimesikia mtu anatembea."

"Hata mimi," Aw Abdurahim akasema taratibu.

Kulsum akaiweka birika chini. Miaka yote alidhani nyayo zile ni zake peke yake, ni dhamiri yake inayomsumbua. Alipoona wazee watatu wameinua nyuso, akakaa palipokuwa karibu, na ilikuwa nadaba ya nyuma ya mlango.

"Ni Remla," akasema. "Alikufa. Mwaka ule ule wa vita, kwenye kisima cha ngamia, kabla hajafika Jibuti. Jidda hakufika. Salamu zote nilizitunga mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kusemwa ndani ya kuta zile. Aw Abdurahim, kama inavyompasa mtu yeyote akisikia habari ya kifo, hata kama imechelewa miaka arobaini, akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," na wenzake wakaitikia. Ay Duniya peke yake hakufumbua macho.

Walikwenda kumwambia Nuredin langoni. Kulsum aliwafuata mpaka uani, akasimama. Hakumsikia akilia. Nuredin aliuliza jambo moja tu, kwa sauti kubwa ili limfikie Kulsum kule uani.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana," Kulsum akajibu. "Alikuwa na mwanamke wa vitambaa. Alimfunika kwa shuka lake."

"Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe. Alisimama hapo hapo uliposimama."

Nuredin akatazama chini kwenye kizingiti, kisha akasogea kando.

Kwetu kifo hakina zamani. Kisipotangazwa, maiti hajatoka nyumbani. Jumamosi asubuhi afocha ikaingia kwa nguvu zake zote: masufuria, kuni, magunia ya mtama, wanawake wamefunga viuno. Mtu akafa juzi au akafa enzi za babu, matanga ni siku tatu. Walimsalia Remla sala ya maiti aliye mbali. Vijana wakapanda ngazi wakalishusha zulia. Kijana wa manispaa alikuja mbio na daftari lake, akasema kile ni namba thelathini na nne, hakiguswi. Ay Duniya akamwambia, "Kijana, na wewe tukikuandika namba, utakubali kukaa juu ya mlango?" Akafunga daftari, akaenda kusaidia kubeba maji.

Walilitandika sakafuni. Nje lilikuwa limefifia likawa rangi ya vumbi, lakini ndani ya mkunjo nyekundu na kijani zake zilikuwa mbichi kama siku baba yao alipolileta kutoka Dire Dawa. Hakuna aliyekuwa amelikalia hata siku moja. Mwanzoni wanawake waliogopa, kisha mmoja akakaa, na wengine wakamfuata.

Hawakumwacha Kulsum salama. Walimkumbatia, wakamlilia, na hapo hapo wakamchamba.

"Umetulisha nyama ya maiti, Kulsum. Miaka kumi na miwili tunamsengenya marehemu."

"Mimi nilimwita Remla mbwa, kwenye arusi ya mwanangu. Nitamwambia nini Mungu?"

"Mwambie ni mimi," Kulsum alisema. "Yaweke kwenye hesabu yangu."

Alitegemea kuumia zaidi. Badala yake, kila tusi lilipompata, alijisikia mwepesi. Alikuwa na jambo moja alilolishika kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima: yote yale alimfanyia mama yake. Bakuli lile la uji. Bila uongo wake Ay Zeytuna angekufa mwaka ule ule, na kwa uongo wake aliishi miaka ishirini na minane zaidi. Ujana wake ulikwenda, ndiyo. Fundi mwenye harufu ya gundi alikwenda. Lakini vilinunua kitu. Siku mbili zote za matanga alijiambia hivyo, na alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala.

Siku ya tatu, kabla ya dua ya mwisho, alimpelekea Ay Duniya kahawa kwenye kirtat, alikokuwa amejilaza kupumzisha mgongo. Mle chumbani ni giza hata mchana. Hakina dirisha, kina tundu moja la kutazama watu bila kuonwa.

"Kaa," Ay Duniya akasema. "Umefanya vizuri kusema. Zeytuna alikungoja sana."

"Alimngoja Remla, Ay Duniya."

"Remla wa nini? Alikungoja wewe umwambie." Akanywa kahawa kwa sauti. "Yule mwanamke wa vitambaa alipotea njia, akagonga kwangu kwanza. Ndimi niliyemwonyesha lango lenu. Nami nikapita uani mbio nikamwambia Zeytuna kabla yake. Alikuwa amejilaza hapa hapa ulipokaa."

Kulsum akatazama mahali alipokuwa amekaa.

"Nilidhani unajua," Ay Duniya akasema.

"Alikunywa uji wote."

"Alikunywa, ndiyo. Aliniambia, mtoto kanidanganya ili nile, nikikataa nitamuua na huyu. Mimi nikasema sawa, mwache siku mbili tatu. Zikawa salamu. Zikawa Idi na Idi."

"Na walipokuja kwa ajili yangu?" Sauti ya Kulsum ilikuwa ndogo. "Wale wazee wa fundi. Mara tatu. Mama alijua?"

Ay Duniya akaanza kutafuta mahali pa kuweka kikombe. Alipapasa sakafu muda mrefu kwa mtu anayekifahamu chumba kile tangu usichana wake.

"Nilimgombeza," akasema mwishowe. "Wallahi nilimgombeza. Nilimwambia, Zeytuna, shusha hilo zulia, aliye hai apate njia. Akasema mmoja ametoka kwenye mlango ule hakurudi, huyu wa pili hatoki. Nikamwambia ni dhambi. Akasema, dhambi yangu ina nguo za kufuliwa na uji wa asubuhi, yako ina nini? Alikuwa na ulimi, mama yako. Remla aliupata kwake."

Wakati huo walisikika watu wakijisogeza sebuleni, na mtu akaita kwamba mwalimu wa kusoma dua amefika. Kulsum alimsaidia Ay Duniya kuinuka. Alimfunga mtandio vizuri, akamshika mkono, akamwongoza mpaka mahali pake.

Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani. Kila mtu alikuwa kwenye nadaba yake, na wasiopata nadaba walikuwa juu ya zulia. Nuredin alikaa chini karibu na mlango. Yule fundi, sasa mzee mwenye miwani minene, naye alikuja na mkewe, na alipompa Kulsum mkono wa pole alisema tu, "Mungu akupe subira," kwa heshima, kama jirani yeyote. Kulsum aliitazama nyumba aliyoisiriba miaka arobaini kwa viganja vyake, kuta nene zisizopitisha mvua, mlango mmoja. Aliona ilivyojengwa vizuri.

Kwetu dua ya siku ya tatu haimtaji marehemu mmoja. Mwalimu humtazama mwenye nyumba, naye humtajia wafu wote wa nyumba hiyo, wa kale hadi wa karibuni, na kila jina linaombewa. Ni wajibu wa aliyebaki. Asiyetajwa, wazee husema, husimama mlangoni siku hiyo akiwatazama wenzake wakila.

"Tutajie, Kulsum," akasema mwalimu, mikono ameiinua.

"Aw Gidir," Kulsum akasema, na watu wakaitikia. "Yusuf bin Gidir. Mkewe Amatullah. Abdusemed bin Yusuf, baba yangu."

Wakaitikia.

"Remla binti Abdusemed."

Kilio kikapita upande wa wanawake, kikatulia. Mwalimu akangoja. Watu wote wakangoja, maana jina moja lilikuwa limebaki na kila mtu alilijua. Wengi wao walikuwa wamekula chakula chake. Ay Duniya alimtazama Kulsum kwa macho yake mawili yenye ukungu na midomo yake ikaanza kulitamka, ili kumkumbusha. Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemfungulia mwenzake njia.

Kulsum akaipitisha mikono usoni, kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Amin," akasema.

Watu walitazamana. Kisha Aw Abdurahim akaitikia, na baada yake wengine, mmoja mmoja, mpaka nyumba nzima.